Maji Kwanza, Shimo Baadaye

Kuchimba bwawa la mita kumi kwa kumi na tano si kazi ya kumtisha mtu. Vijana wanne wenye sululu na makoleo wataimaliza, na siku wanayolipwa shimo lenyewe linapendeza macho: kingo zimenyooka, udongo umerundikwa pembeni, majirani wanapita wakiuliza utaanza kuuza lini. Mtihani huja mwezi wa tatu au wa nne, maji yakiwa yameshuka nusu mita, pumba zimepanda bei, na mwenye bwawa yuko safarini.

Hili si jambo jipya kwetu. Majaribio ya kufuga perege katika Tanganyika yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, mabwawa mengi yakachimbwa, na mengi kati ya hayo hayakuzaa kitu kwa sababu ya ukame na kukosa matunzo. Miaka sitini baadaye, mwaka 2009, serikali ya Kenya ilianza kuchimba mabwawa ya wananchi kwa mamia katika kila jimbo lililochaguliwa, ikatoa vifaranga na chakula cha kuanzia. Msaada ulipokwisha, wengi waliyaacha yakaota magugu. Katika nyakati zote mbili shimo lilipatikana. Kilichokosekana ni maji ya uhakika, chakula, na mtu wa kulitazama bwawa kila siku.

Kwa hiyo nitaanza na swali ambalo wauzaji wa vifaranga hawaulizi: unataka bwawa la nini? Siku hizi mitaani kuna watu wanaouza ndoto. Watakupigia hesabu kwenye kipande cha karatasi, vifaranga elfu moja mara bei ya samaki mmoja, na jibu linatoka la mamilioni. Katika hesabu hiyo hakuna samaki anayekufa, hakuna ndege, na chakula kinadondoka kutoka mbinguni. Ushauri wangu ni kwamba bwawa la nyumbani lijengwe kwa ajili ya kitoweo. Kikizidi, uza. Bwawa la mita za mraba 150 likipandwa sato watatu kwa kila mita ya mraba linachukua vifaranga 450. Wakifika mezani asilimia 85, ni samaki 380 hivi. Kila mmoja akiwa na gramu 250, unapata takriban kilo 95. Familia inayopika kilo mbili za samaki kwa wiki hutumia kilo 104 kwa mwaka. Basi mavuno yako ya kwanza, yakienda vizuri, yanakaribia kukulisha mwaka mzima. Hilo ni jambo kubwa kabisa, na halihitaji kuongezewa chumvi.

Sasa maji. Bwawa hilo hilo, likiwa na kina cha wastani cha mita moja, linameza lita 150,000. Ukijaza kwa dumu la lita 20 ni madumu 7,500. Na ukishalijaza hujamaliza, maana hata bwawa lisilovuja hunyonywa na jua. Nusu sentimita kwa siku katika maeneo ya joto ni kitu cha kawaida, na nusu sentimita ya bwawa hilo ni lita 750, sawa na madumu 38 hivi kila siku inayopambazuka. Mtu anayenunua maji ya boza, au anayesubiri bomba la mgao, asichimbe bwawa la ukubwa huo. Namshauri ajenge dogo la turubai au la matofali, la mita nne kwa tano, ambalo matangi mawili ya lita 10,000 yanalijaza.

Mwenye kisima, chemchemi au mfereji anayo nafasi nzuri zaidi, ila apime wakati wa kiangazi. Kisima kinachofurika mwezi wa Aprili huweza kukauka Oktoba, na samaki hawasubiri vuli. Anayetaka kuchepusha maji ya mto au kijito ajue kwamba kwa Tanzania anahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Maji ya bomba la mjini yana klorini ya kuua vijidudu, na klorini inaua samaki pia. Yaache wazi juani siku moja au mbili kabla ya kuingiza samaki, na kila unapoongeza baadaye ongeza kidogo kidogo.

Kuhusu mahali, epuka bondeni ambako mafuriko hupita. Mvua moja kubwa ikifurika juu ya tuta, samaki wote wanaondoka nayo na kazi ya miezi inaishia kwenye mtaro. Epuka pia chini ya miti mikubwa, maana kivuli huzuia jua linalootesha chakula cha asili majini, majani yanaoza humo, na mizizi hutoboa tuta. Jenga mahali unapopaona ukiwa jikoni au barazani. Bwawa lisiloonekana kutoka nyumbani humfaidi zaidi mwizi.

Udongo upime kabla ya kumlipa mchimbaji. Chukua udongo wa kina cha mita moja, ulowanishe, finyanga tonge, lirushe juu ulidake. Likisambaratika, kuna mchanga mwingi. Likishikamana, chimba shimo dogo la kufika kiunoni, lijaze maji jioni, na asubuhi uangalie. Maji hushuka usiku ule wa kwanza kwa sababu udongo unakunywa, kwa hiyo jaza tena na ufunike kwa majani. Yakibaki mengi kesho yake, mfinyanzi upo. Yakipotea, usibishane na ardhi. Tandika karatasi ngumu ya plastiki, ile ambayo mafundi huiita laina, au jenga kwa matofali na saruji. Bwawa la saruji mpya lisipandwe samaki mara moja, kwa kuwa chokaa ya saruji huyafanya maji yawe na alkali kali. Lijaze, liache kwa siku kadhaa, limwage, rudia mara mbili tatu.

Kwa bwawa la kuchimba, vipimo vyenyewe ni hivi. Upande maji yanakoingia kina kiwe sentimita 80, upande wa kutolea mita 1.2 hadi 1.5, na sakafu ilale kidogo kuelekea huko ili bwawa liweze kukauka lote. Udongo wa tuta upangwe tabaka kwa tabaka za sentimita 20, kila tabaka likilowanishwa na kushindiliwa kabla ya jingine. Hapa ndipo vibarua hulipua kazi, kwa hiyo uwepo. Ubavu wa tuta ulale, usisimame kama ukuta, la sivyo utabomoka na masika. Uso wa maji uache sentimita 30 chini ya kichwa cha tuta, na kichwa chenyewe kiwe na upana wa kutosha mtu kutembea na ndoo mkononi. Panda ukoka juu yake. Migomba na mipapai ikae chini nje ya tuta, ambako itanufaika na maji ya bwawa bila kulitoboa.

Bomba la kutolea maji watu wengi huliruka ili kuokoa fedha, kisha siku ya kuvuna wanachota kwa ndoo kuanzia alfajiri hadi jioni. Weka bomba la plastiki la inchi nne sakafuni, lipite chini ya tuta, lifungwe kiwiko kinachopinda kwenda juu. Ukitaka kupunguza maji, unalilaza. Midomo yote miwili, wa kuingizia na wa kutolea, ivishwe wavu mdogo. Wavu wa kuingizia una kazi kuliko watu wanavyodhani: unazuia mayai na vifaranga wa samaki wa porini, ambao wakiingia watakula chakula chako na hutawajua mpaka siku ya mavuno.

Bwawa la udongo likishakamilika, linyunyizie chokaa ya kilimo sakafuni na kwenye kingo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, hasa penye udongo mwekundu wenye tindikali. Jaza maji, kisha weka samadi. Mbolea ya kuku iliyokauka, kilo tano kwa wiki kwa mita za mraba 100, inatosha. Ya ng'ombe inahitaji wingi zaidi kwa sababu nguvu yake ni ndogo. Ifunge kwenye gunia lenye matundu, lining'inie pembeni majini. Baada ya wiki mbili hivi maji yatageuka kijani. Wageni wengi wa kazi hii huona kijani hicho ni uchafu na kutaka kumwaga, kumbe ndicho chakula cha kwanza cha sato. Kipimo chake hakihitaji duka: zamisha mkono wima majini. Vidole vikipotea machoni maji yalipofika kiwikoni, ni sawa. Vikipotea kabla, kijani kimezidi, acha mbolea. Ukiviona bado maji yakiwa yamepita kiwiko, ongeza.

Samaki gani? Kwa nyumba nyingi chaguo ni mawili, sato na kambale. Sato anapenda joto la nyuzi 25 hadi 30. Likishuka chini ya 20 anadorora, ndiyo maana wa Mufindi au Lushoto asishangae samaki wake wakikataa kula Juni na Julai. Tabu yake kubwa ni uzazi. Jike hutaga akiwa bado mdogo, miezi mitatu au minne, anaatamia mayai mdomoni, na muda wote huo hali. Baada ya nusu mwaka bwawa limejaa vijisamaki vya ukubwa wa kidole vinavyonyang'anyana chakula, na wewe unauliza kwa nini hawakui. Dawa ni kupanda madume tupu, ambao pia hukua haraka kuliko majike. Hupatikana kwa kuwalisha vifaranga homoni katika wiki tatu au nne za mwanzo. Wapo wanaoogopa kula samaki hao, lakini homoni hiyo husitishwa miezi mingi kabla samaki hajafika kwenye sufuria. Njia nyingine ni kuingiza kambale wachache, wadogo kuliko sato, baada ya sato kuwa wamekua kiasi. Kambale watameza watoto na kuwaacha wazazi.

Kambale mwenyewe ni mvumilivu, anavuta hewa ya juu, anaishi kwenye maji ambayo sato angekufa humo. Ndiye anayefaa mabwawa madogo ya turubai. Lakini hana haya: mkubwa humla mdogo, hata wa tumbo moja. Kila baada ya wiki chache uwachambue kwa ukubwa, au mwisho utabaki na majitu machache yaliyonona.

Kununua vifaranga ndiko kunakohitaji macho makavu. Muuzaji atakuambia, "Shemeji, hawa wote madume," na hakuna namna ya kuthibitisha kwa kifaranga wa gramu mbili. Nunua mahali panapojulikana, kama kituo cha serikali cha Kingolwira, Morogoro, au kwa mzalishaji ambaye afisa uvuvi wa halmashauri yako anamfahamu na wateja wake unaweza kuwatembelea. Vifaranga wawe wa ukubwa mmoja, wachangamfu, wasio na madoa wala mapezi yaliyoliwa. Wakija kwenye mfuko, usiwamwage. Uelee bwawani dakika 15 au 20 mpaka joto lilingane, kisha ingiza maji ya bwawa kidogo kidogo mfukoni, mwishowe uulaze watoke wenyewe. Fanya hivyo asubuhi au jioni, kamwe si jua la utosi.

Chakula ndicho kinachokula fedha, na ndicho kinachotofautisha mfugaji na mchimba shimo. Pumba peke yake hazitoshi. Sato anahitaji chakula chenye protini asilimia 30 hivi, kambale zaidi kidogo. Kama cha dukani ni ghali, unaweza kuchanganya mwenyewe. Katika kilo 100, chukua dagaa safi wasio na mchanga kilo 20, soya iliyokaangwa kilo 25, mashudu ya alizeti kilo 25, pumba kilo 27, na unga wa muhogo kilo 3 wa kushikanisha. Saga, kanda kwa maji ya moto, pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, anika kivulini. Mchanganyiko huo hukaribia asilimia 30 unayoitafuta. Kitu kimoja sikubali mjadala juu yake: mashudu au pumba zilizoota ukungu zisiingie humo. Sumukuvu huharibu ini la samaki kama inavyoharibu la binadamu, na kukausha upya hakuiondoi.

Kiasi hufuata uzito. Vifaranga wadogo wapewe hadi asilimia 10 ya uzito wao kwa siku, wakikua ushuke polepole hadi asilimia 3. Tuseme samaki wako 450 wana wastani wa gramu 50. Jumla ni kilo 22.5, na asilimia 4 yake ni gramu 900 kwa siku, ugawe mara mbili, asubuhi jua likishapanda na alasiri. Utajuaje wastani? Kila mwezi vua ishirini au thelathini kwa wavu, wapime pamoja ndani ya ndoo yenye maji, gawanya, warudishe. Andika kwenye daftari. Mfugaji asiye na daftari atakuambia anapata faida mpaka siku atakapoulizwa ni kiasi gani.

Lisha mahali pale pale, saa zile zile, na usimame utazame. Wakimaliza ndani ya nusu saa, vizuri. Kinachobaki hushuka chini, huoza, na kuiba hewa. Kukurupuka kwao wanapoona kivuli chako ndio uchunguzi wa afya wa kila siku, tena bure. Siku wasipokuja, kuna jambo, na jambo hilo mara nyingi ni hewa.

Mimea midogo inayofanya maji yawe kijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nayo huvuta, pamoja na samaki na kila kinachooza sakafuni. Hewa hupungua usiku kucha na kufikia kiwango cha chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Ndiyo sababu samaki hufa alfajiri, na ndiyo sababu mtu huamka akakuta weupe umetapakaa juu ya maji akaanza kumtafuta mchawi au jirani mwenye sumu. Hatari huongezeka baada ya siku mbili tatu za mawingu. Dalili ni sato kuja juu na kupumua kwa midomo wazi, wakijazana pale maji yanapoingilia. (Kambale usimtumie kama kipimo, yeye kuja juu ni tabia yake.) Ukiona hivyo, acha kulisha, toa gunia la samadi, ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu ili yarushe matone, na punguza ya chini kwa lile bomba. Usiwape chakula tena mpaka wachangamke.

Maadui wengine wanaonekana. Mdiria humaliza vifaranga mmoja mmoja, korongo husimama ukingoni kwa subira, kenge huingia usiku, na maeneo ya karibu na mito kuna fisi maji. Nyuzi zilizokazwa juu ya bwawa huwasumbua ndege, na nyasi fupi kwenye kingo huwanyima nyoka na kenge maficho. Kufyeka kingo kuna faida nyingine: mbu hutaga penye maji yaliyotulia kati ya majani ambako samaki hawafiki, na konokono wa kichocho hupenda magugu hayo hayo. Anayeingia bwawani avae buti.

Uzio si hiari. Mtoto wa miaka miwili huzama katika maji ya magotini, kimya, mama yake akiwa anachambua mchicha hatua ishirini tu kutoka hapo. Weka uzio wenye lango la komeo kabla ya kujaza maji, na kama fedha haitoshi kwa vyote viwili, bwawa lisubiri.

Kuanzia mwezi wa sita tangu kupanda vifaranga unaweza kuvua waliotangulia kwa wavu, wachache kwa ajili ya wali wa jioni, ukiwapa nafasi waliobaki. Mavuno makubwa huwa mwezi wa saba au wa nane. Usilishe siku moja kabla, punguza maji usiku, vua alfajiri kungali na ubaridi, na wanunuzi wawe wamepangwa kabla. Samaki wa bwawani akikaa juani saa mbili, bei yake umeishusha mwenyewe. Kisha kausha bwawa mpaka sakafu ipasuke nyufa, chota tope upeleke kwenye matembele na migomba, weka chokaa, anza upya.

Siku hiyo ya kukausha watabaki wadogo wasiofaa kuuzwa, na mkono utakuvuta kuwamwaga mtoni. Usifanye hivyo. Katika Ziwa Victoria, ngege, perege wa asili wa ziwa hilo, karibu atoweke baada ya sangara na sato kuletwa kutoka kwingine miaka ya 1950, na mito yetu ya pwani ina perege wake ambao sato huwapora makazi na kuzaana nao mpaka mbegu yao ipotee. Wadogo hao wakaange, wape kuku, wakaushe uwasage chakula cha mzunguko unaofuata, au mpe jirani aliyekuwa akiuliza utaanza kuuza lini. Mtoni wasifike.